UZI: Gunia la ngumi, makiwara (ubao wa karate wa kupigia ngumi) na tatami (sakafu laini ya judo) za kujitengenezea Goma (vipimo, vifaa, makosa)

Mbao_na_Nondo (mwanzisha uzi)

Bandugu, salamu kwenu wote. Swali la vifaa vya mazoezi linarudi kila mara, na jibu huwa lile lile: "jaza gunia mchanga, tundika, piga." Ushauri huo unaharibu vifundo vya vijana wetu. Naweka hapa vipimo kamili vya gunia. Wenye karate na judo waongeze ya kwao.

Gunia la mchele la kilo 50 likijazwa vizuri linatoa duara la kipenyo cha sentimita 35 hivi na kimo cha sentimita 90. Hicho ni kipimo kizuri kwa mtu mzima. Chukua magunia 3, ingiza moja ndani ya jingine. Gunia hizi ni za plastiki iliyofumwa, moja peke yake hupasuka kwenye mshono wa chini ndani ya wiki chache.

Ndani weka nguo kuukuu. Tafuta zile za chaguwa (mitumba) ambazo wauzaji wameshindwa kuziuza, au masalio ya vitambaa kwa washonaji. Zinahitajika kilo 26 hivi. Kabla ya chochote toa zipu, vifungo vya chuma na pini. Suruali ya jinsi ina vifungo vidogo vya shaba kwenye kona za mifuko, na hivyo ndivyo watu husahau. Kata vitambaa vipande vya upana wa kiganja. Nguo nzima ikijikunja ndani huacha shimo, na ngumi italitafuta shimo hilo.

Ujazaji wenyewe: weka tabaka la sentimita 10, shindilia kwa mchi wa kinu, anza pembeni ukizunguka, malizia katikati. Ukianza katikati, pembeni hubaki legevu na gunia linakuwa na umbo la peasi. Tabaka likikataa kushuka tena chini ya mchi, weka jingine. Kazi hii inachukua saa 3 kwa watu wawili na haina njia ya mkato.

Kwa uzito wa ziada tengeneza vifuko 4 vya mchanga, kilo 1.5 kila kimoja, nailoni mbili mbili na kitambaa juu. Vikae katikati kabisa, kimoja kila sentimita 20, cha kwanza kikiwa sentimita 15 kutoka chini. Kila kifuko kiwe na nguo zisizopungua sentimita 10 pande zote. Jumla unapata kilo 31 au 32, nusu ya uzito wa mpigaji wa kilo 65, na hicho ndicho kipimo wanachofuata makocha wengi.

Usining'inize gunia kwa kushona masikio juu yake, yatang'oka. Nunua mita 7 za mkanda wa kufungia mizigo ya lori, wa upana wa sentimita 5. Kata vipande 2 vya mita 3.5. Vipishane msalaba chini ya gunia, viinuke pande 4, vikutane kwenye pete ya chuma sentimita 40 juu ya gunia. Hapo uzito wote unabebwa na mkanda kutoka chini, na mshono unashikilia mkanda usiteleze tu. Shona kwa shazia na uzi wa nailoni.

---

Mdogo_wa_Ndosho

Aksanti sana yaya (kaka). Lakini swali: huku kwetu mchanga mweusi wa volkano uko kila fasi, ni bure kabisa. Kwa nini nisijaze huo? Na unga wa mbao je, mafundi wa mbao wanautupa.

---

Kona_Nyekundu

Mdogo wangu, nikujibu kwa hesabu. Lita 10 za mchanga mkavu zina kilo 16. Gunia hilo lina lita 86, kwa hiyo ukilijaza mchanga unatundika karibu kilo 140. Hakuna boriti ya nyumba ya mbao hapa Goma itakayobeba hiyo ikiyumba.

Hata ukiweka mchanga nusu, mchanga hutiririka. Kila pigo linautikisa, unashuka, unajipanga chini hadi unakuwa kama tofali. Juu pamebaki laini, chini pamekuwa jiwe, na wewe unapiga kwa nguvu ile ile. Kifundo cha mkono hukunjika kwa sababu mkono ulizoea ulaini wa juu. Anayepiga mateke ya chini naye anaumia muundi.

Mchanga wetu mweusi una ubaya mwingine. Punje zake zina makali, hazijasuguliwa na maji kama za mtoni. Zikiwa ndani ya gunia zinasaga kitambaa kutoka ndani, na baada ya muda utaona vumbi jeusi linatoka kwenye mshono kila unapopiga. Hata kwa vile vifuko vidogo alivyosema Mbao_na_Nondo, tafuta mchanga wa mtoni, uchekeche, uanike mpaka usishikamane ukiukamata mkononi.

Unga wa mbao ni mwepesi na unanyonya unyevu. Kwenye gunia lililo nje, ukifika Aprili utakuwa umevimba na kunuka ukungu. Unga huo una kazi yake nzuri kwenye tatami, wa judo watakueleza.

Naongeza jambo moja kwenye maelezo ya kwanza: gunia la plastiki lililofumwa linachubua ngozi. Weka tabaka la sponji ya godoro ya sentimita 2 ikizunguka gunia, halafu kava la turubai nzito au jinsi mbili zilizoshonwa pamoja. Shitingi (turubai la plastiki) nyepesi haitoshi, inapasuka na kingo zake zinakata. Na jua likipiga plastiki ya gunia moja kwa moja, nyuzi zinakauka na kuvunjika kama majani makavu.

Baada ya wiki 2 za kupigwa, gunia litashuka sentimita 8 hadi 10 juu. Ni kawaida. Fungua, ongeza nguo, shindilia, funga. Kwa hiyo mdomo wa juu usishone moja kwa moja. Toboa matundu, tia kamba kama ya kiatu.

---

Mshonaji_Birere

Kuhusu kava: shona mshono wa kulala, yaani kingo mbili zikunjwe moja ndani ya nyingine na kupitishwa sindano mara mbili. Mshono wa kawaida unaachia pale pale pigo linapotua. Mstari wa mshono uelekee nyuma, upande usiopigwa.

Na bendeji za mikono msinunue. Shuka kuukuu la pamba, kata kwa urefu wake vipande vya sentimita 5, unganisha hadi mita 4 au 4.5. Kata kwa kufuata uzi wa kitambaa. Ukikata mshazari, bendeji itanyooka kama mpira na haitashika kifundo.

---

Mbao_na_Nondo

Sasa tufike kwenye tatizo lenyewe la Goma, ambalo ni fasi ya kutundika. Miongozo mingi inasema "chimba shimo la sentimita 70, simika nguzo." Hapa unachimba sentimita 15 unakutana na lava. Na nyumba zetu za mbao zina fremu ya miti myembamba iliyopigiliwa misumari. Gunia la kilo 30 likiyumba linavuta zaidi ya uzito wake, misumari inalegea kidogo kidogo, na mabati yanaanza kuvuja kabla hujaona ufa wowote.

Jenga kinara kinachojisimamia. Miti 4 ya mkaratusi yenye unene wa sentimita 10, urefu mita 2.8. Mti wa juu sentimita 12, urefu mita 2.2. Miguu ipishane mfano wa herufi A, chini itanuke mita 1.6, na mti wa juu ulale kwenye panda. Utapata kimo cha mita 2.4 na kitu. Gunia likining'inia hapo, chini yake pawe sentimita 70 kutoka ardhini na katikati yake pawe sawa na chembe ya moyo wako.

Usifunge kwa waya peke yake. Mti mbichi ukikauka unapungua unene, waya unabaki umelegea, kinara kinaanza kucheza. Toboa, pitisha bolti za milimita 12 zenye washa pana pande zote mbili, na baada ya mwezi kaza tena. Weka mbao za mshazari kutoka mguu hadi mti wa juu, pande zote mbili. Watu wengi huziacha, na kinara kisicho nazo hakianguki mbele wala nyuma, kinalala ubavu.

Kila mguu ukae ndani ya tairi ya gari iliyojazwa mawe ya lava. Chagua mawe mazito. Lava yenye matundu mengi ni kubwa machoni lakini haina uzito. Kisha unganisha miguu ya kila A kwa ubao, sentimita 30 kutoka chini, la sivyo itafunguka taratibu kama miguu ya mbuzi aliyezaliwa leo.

Jaribio kabla ya ngumi ya kwanza: tundika bidoni 3 za lita 20 zilizojaa maji, yaani kilo 60. Ziyumbishe kwa dakika 5, halafu ziache usiku kucha. Asubuhi pima tena kimo cha mti wa juu katikati. Ukiwa umepinda zaidi ya sentimita 2, badilisha mti.

---

Mdogo_wa_Ndosho

Yaya, parseli (kiwanja) yetu iko juu ya lava tupu ya mlipuko wa volkano wa 2002, hakuna hata udongo. Tairi za mawe zitachukua nafasi yote. Hakuna namna ya kufunga moja kwa moja kwenye jiwe?

---

Mbao_na_Nondo

Ipo, na kwa parseli kama hiyo ni bora kuliko tairi. Lakini sikiliza jiwe kwanza. Fagia, ondoa ganda la juu linalovunjika, halafu gonga kwa nyundo. Jiwe zima linalia kama kengele na nyundo inarudi mkononi. Likitoa sauti ya ngoma iliyolegea, chini kuna uwazi, sogea hatua moja ujaribu tena. Lava ilipoa kwa matabaka, na ndani ya nusu mita unaweza kupata jiwe zima na ganda tupu.

Toboa tundu la milimita 16, kina sentimita 20. Kama huna mashine, patasi ya mawe na nyundo ya kilo 2 zinafanya kazi hiyo. Zungusha patasi kidogo kila baada ya pigo. Ondoa vumbi kwa pampu ya baiskeli yenye mrija mpaka hewa itoke safi. Vumbi likibaki, saruji inashika vumbi na nondo inachomoka na kila kitu. Lowesha tundu, mimina uji mzito wa saruji tupu, ingiza nondo ya milimita 12 ukiizungusha, iache siku 7. Nondo 2 kwa kila mguu, zikiegemea pande tofauti, na mguu ufungwe kwazo kwa mkanda wa chuma na bolti.

---

Tsuki_Goma

Nachukua upande wa makiwara. Neno lenyewe ni la Kijapani, maki ni kuzungushia na wara ni mabua makavu ya mpunga, na kifaa kilitoka Okinawa. Kosa kubwa ninaloona ni watu kufunga ubao ukutani au kwenye mti na kuuita makiwara. Makiwara lazima ipinde na kurudi. Kitu kisichopinda kinarudisha pigo lote kwenye kifundo, kiwiko na bega.

Mbao: mkaratusi mkavu, ule ule wa chukudu (baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo), kwa sababu unapinda bila kukatika. Nyuzi zake zinyooke kutoka chini hadi juu, pasiwe na fundo hata moja kwenye nusu ya juu. Urefu mita 1.6, upana sentimita 10. Chini uwe na unene wa sentimita 7, kisha upungue polepole hadi sentimita 2 kichwani. Randa upande wa nyuma tu, wa mbele ubaki umenyooka.

Msingi: tairi kuukuu ya lori, ile ya kipenyo cha mita 1 hivi. Ya gari dogo haitoshi, pigo la juu linaipindua. Weka kwenye fasi itakakobaki, kwa sababu ikishajazwa inapita kilo 300. Panga mawe ya lava ndani ya ukingo wote, katikati mimina zege: saruji kipimo 1, mchanga 2, kokoto 3. Nusu mfuko wa saruji, kilo 25, inatosha.

Sasa jambo ambalo litakuokoa baadaye: usizike ubao wenyewe kwenye zege. Ukivunjika utakuwa na tairi la kilo 300 lisilo na kazi. Tengeneza kiolezo cha mbao chenye ukubwa wa mguu wa ubao, na zaidi kidogo kwa kabari 2. Kipake oili chafu ya gari, kifunge nailoni, kisimike katikati ya zege. Kitoe zege likianza kukamata, siku ya pili. Ubao unaingia kwenye tundu hilo na kukazwa kwa kabari, na unatolewa unapotaka. Mwagia zege maji kwa siku 7, usilipige kabla ya siku 14.

Kichwani weka matabaka 4 ya mpira wa ndani wa tairi, halafu zungushia kamba ya katani ya milimita 10 kwa kimo cha sentimita 30. Mita 9 au 10 zinatosha. Kamba ya plastiki usiitumie, inachoma ngozi.

Kupima: sukuma kichwa cha ubao kwa kiganja kwa nguvu zako zote. Kikisogea sentimita 2, pako sawa. Kisiposogea, randa milimita 2 nyuma, jaribu tena. Nenda taratibu, ubao uliorandwa sana haurudishwi.

---

Kona_Nyekundu

Metre (mwalimu), umesema vizuri. Ungewaambia na idadi ya mapigo, kwa sababu vijana wataanza na 200.

---

Tsuki_Goma

Kweli kaka. Mapigo 10 kila mkono, siku ikipita moja katikati, kwa mwezi wa kwanza. Kinachotua ni vifundo 2 vya kwanza vya ngumi, cha shahada na cha kati, kifundo cha mkono kikiwa kimenyooka. Ngozi ikichanika unasimama mpaka ipone kabisa. Kamba yenye damu ya mtu inafunguliwa na kuchomwa, haipigwi na mwingine. Na watoto ambao mifupa bado inakua wasipige makiwara. Wapeni pedi laini.

---

Mama_Ukemi

Judo na sisi tupo. Tatami ya mita 4 kwa 4, juu ya ardhi yetu ya mawe, inawezekana kwa tairi, mbao na unga wa mbao.

Sawazisha ardhi kwa mchanga mweusi wa sentimita 10, hapa ndipo unafaa. Panga tairi 36 za gari dogo, 6 kwa 6, zikigusana. Zote ziwe za kimo kimoja, la sivyo sakafu itayumba kama mtumbwi. Kila tairi itobolewe matundu 3 upande wa chini, maji yakituama humo unafuga mbu. Juu yake matabaka 2 ya mbao za sentimita 2.5 zilizopishana, misumari ikipigwa kutoka juu, vichwa vizamishwe ndani, ncha zikunjwe chini.

Zungusha ukingo wa mbao wa sentimita 12. Mwaga unga wa mbao mkavu, magunia 24 makubwa hivi, utapata sentimita 15. Ukanyageni watu 6 mkizunguka mpaka ushuke kufika 10. Unga lazima uwe umeanikwa siku 3 na kuchekechwa. Vipande vya mbao vinachoma mgongo na misumari hujificha humo. Pitisha sumaku ya spika kuukuu juu yake.

Mwisho tandaza turubai la mita 5 kwa 5, livutwe kwa vipande vya mpira wa ndani vilivyofungwa kwenye misumari iliyo chini ya ukingo. Mpira unavuta muda wote, kamba inalegea. Shitingi tupu ikipata jasho inateleza, na kidole cha mguu kikinasa kwenye mkunjo kinavunjika. Turubai la pamba ni bora.

Kabla ya kurushana, tembea kote ukikanyaga kwa kisigino. Ukisikia ubao mahali, ongeza unga hapo. Kila wiki fungua upande mmoja, sawazisha kwa reki. Katikati hupungua haraka kuliko pembeni. Tatami hii inataka paa. Bila paa msiijenge.

---

Mdogo_wa_Ndosho

Mama, na mpira wa kuvuta kwa mazoezi ya kuingia kwenye mrusho, mnafanya vipi?

---

Mama_Ukemi

Mpira wa ndani wa pikipiki, 2. Kata fasi ya valvu na uitupe, kila mmoja unakupa mita 1.6 hivi. Uzungushe katikati kwenye nguzo, kimo cha kifua, miisho 2 uishike mikononi kama kola na mkono wa gi (vazi la judo). Kuunganisha, usitumie gundi ya kiraka, inaachia ukivuta. Pishanisha sentimita 20, funga kwa kamba laini mizunguko 15, halafu kitambaa juu.

Kila siku kabla ya kuanza, unyooshe na uangalie mbele ya mwanga. Ukiona mistari midogo kama nyufa za udongo mkavu, kata vipande vya kazi nyingine. Ukikatika ukiwa umevutwa, unarudi usoni.

---

Mshonaji_Birere

Pedi za kupigia teke, haraka: soli za kandambili 4 za ukubwa mmoja. Gundisha 2 pamoja, na 2 nyingine pamoja. Ziunganishe kwenye mpini peke yake, kwa bolti ndogo 2 zilizofunikwa ngozi, huku juu zikiwa huru kupigana. Sauti ya "pa!" inamwambia mpigaji kama ametua bapa. Ngao ya mwili: sponji ngumu ya godoro sentimita 60 kwa 35, unene 15, mbele yake tabaka la soli za kandambili zilizogundishwa, kava la turubai, mikanda 2 nyuma, mmoja wa kiganja na mmoja wa kiwiko.

---

Kona_Nyekundu

Na mpira mzito: mpira wa kikapu uliochoka, mkato wa sentimita 3, mchanga lita 2.5 ambao ni kilo 4, uliochanganywa na unga wa mbao mpaka ujae kabisa usicheze ndani. Ziba kwa kiraka cha baiskeli ndani na kingine nje. Ukijaza mchanga peke yake utafika kilo 11 na utavunja vidole vya anayeudaka.

---

Mdogo_wa_Ndosho

Swali la mwisho. Tairi zenyewe tukizitundika badala ya gunia, tupige mateke?

---

Mbao_na_Nondo

Ya pikipiki, ndiyo. Tairi nyingi za gari zina waya ndani, na zikichakaa waya unatokeza kama nywele. Pitisha kitambaa chakavu kote, ndani na nje: kikinasa hata mara moja, tairi hilo linaenda kwenye msingi wa kinara. Za pikipiki, funga 5 kwa kamba nene zikiwa zimelala moja juu ya nyingine, jaza nguo katikati, zungushia mpira wa ndani uliokatwa mkanda, na juu kava lile lile la turubai. Gunia la nguo bado ni laini zaidi kwa mkono, hilo la tairi liwe la miguu.

Kinara kikiwa nje, jioni shusha gunia au lifunike kwa nailoni iliyo wazi chini, lipumue. Gunia likilowa linaongezeka kilo kadhaa, na bidoni zako za majaribio zinakuwa zimekudanganya.